Kuhusu tiba ya Walakota, mhariri hapo mliteleza

Ndugu Mhariri,

Salamu kwako na kwa wenzako wote hapo chumba cha habari. Mi ni msomaji wenu wa siku nyingi, na kwa kawaida nasoma nanyamaza, ila ile habari yenu fupi kuhusu Marekani kuanza kuwalipa "waganga wa kienyeji wa Wahindi Wekundu" imenikwama kooni wiki nzima, kwa hiyo naomba nafasi nami niseme yangu. Mkiona barua ni ndefu kateni mnapotaka ila pale nitakapofika kwenye mambo ya 1883 pasiguswe tafadhali.

Tuanze na ile picha. Mliweka mzee wa Kilakota, yaani wa moja ya mataifa ya wenyeji wa asili wa Marekani, kavaa manyoya ya tai kichwani, chini yake mkaandika kwamba watu kama huyu sasa watalipwa na bima. Mhariri, habari yenyewe ni ya tarehe 16 Oktoba 2024, siku ambayo mamlaka ya Marekani inayosimamia Medicaid, ile bima ya serikali ya watu wa kipato kidogo, iliruhusu tiba za jadi za wenyeji wa asili zilipiwe kwenye majimbo manne, Arizona, California, New Mexico na Oregon. Sasa Walakota wako wapi hapo? Kwao ni South Dakota hasa, kule Pine Ridge, Rosebud, Cheyenne River, Lower Brule, alafu Standing Rock ambayo imelalia South na North Dakota zote mbili. Hakuna jimbo lao hata moja kwenye orodha ile. Yaani mmemchukua mtu ambaye hakualikwa kwenye shughuli mkaweka sura yake kwenye kadi ya mwaliko.

Alafu mkasema wanaishi kwenye "hifadhi". Najua kamusi inasema hivyo na najua mnakimbizana na muda, lakini ukimwambia msomaji wa Kiswahili hifadhi yeye anaona twiga. Semeni tu maeneo waliyotengewa, au ardhi ya kabila, kila mtu ataelewa na hakuna atakayefikiria tembo.

Kuhusu neno mganga sina ugomvi nalo lenyewe, manake hata daktari mkubwa wa serikali tunamwita mganga mkuu na hakuna anayecheka. Kinachokera ni ule mkia wa "kienyeji" mnaoubandika, na ile sauti ya kejeli kwenye habari nzima, kama vile mnamsimulia mtu kichekesho cha kijiweni. Walakota wenyewe wana mgawanyo wao ambao kwa kweli ni mzuri kuliko wetu. Kuna pejuta wicasa, yaani mtu wa dawa, huyu anajua mizizi na majani. Na kuna wicasa wakan, mtu mtakatifu, huyu ndio anaongoza ibada na maono, na wanawake wa namna hiyo wapo pia. Sio kila mtu wa mizizi ni mtu wa ibada. Nyinyi mmewatia wote gunia moja.

Sasa niingie kwenye lenyewe. Sipingi hizi tiba kutambuliwa na serikali, nataka itokee na nataka Walakota nao wafikiwe. Ninachosema ni kwamba inabidi tuangalie sana ni nani anashika muhuri, manake hawa watu wana historia mbaya sana na mihuri.

Mwaka 1868 walisaini mkataba wa Fort Laramie na serikali ya Marekani, na ndani ya mkataba huo serikali iliahidi kuwapelekea tabibu, pamoja na mwalimu, seremala, mhunzi na wengineo. Kwa hiyo huduma ya afya kwao tangu mwanzo ni deni la mkataba, ardhi ilitolewa kwa hilo, wala hakuna aliyewaonea huruma hapo. Miaka 15 baadaye, 1883, wizara ya mambo ya ndani chini ya Henry Teller ikatoa kanuni za makosa ya Wahindi, ndivyo walivyowaita wenyeji wa asili, na humo ngoma ya jua, moja ya ibada zao kubwa, ikawa kosa, mtu anakatwa posho ya chakula, na watu wa tiba wakatajwa waziwazi kwamba kazi yao ni kosa. Adhabu yao ilikuwa kifungo cha siku zisizopungua 10, na hapo ndio pa kusoma polepole mhariri, au mpaka alete ushahidi wa kuiridhisha mahakama, na afisa wa serikali akubali, kwamba ataacha kabisa mambo hayo milele.

Fikiria hilo. Mwaka 1883 mtu wa tiba anatakiwa alete ushahidi kwamba yeye sio mtu wa tiba tena. Leo mjukuu wake ataambiwa alete ushahidi kwamba yeye ni mtu wa tiba kweli, na uzoefu wake, na nani alimfundisha, na kwa muda gani. Ushahidi umegeuzwa ila meza ni ileile na anayekaa nyuma ya meza ni yuleyule.

Na hapo katikati kuna mambo mengine ambayo habari yenu iliruka kama vile hayapo. Tarehe 15 Desemba 1890 Sitting Bull, kiongozi wao mkubwa, aliuawa kwake Standing Rock, na wiki mbili baadaye, tarehe 29, askari wapanda farasi wa kikosi cha 7 wakawamiminia risasi watu wa chifu Big Foot, Walakota pia, pale Wounded Knee, wanawake na watoto humohumo, waliokufa wanahesabiwa kati ya 150 na 300 na wengi walitupwa kwenye shimo moja. Kwenye mila ya Walakota ukifiwa kuna ibada ya kutunza roho ya marehemu, familia inakaa nayo kwa muda mrefu, mara nyingi mwaka mzima, alafu inaiachia kwa heshima na watu wanakula pamoja. Wazee wao wamesimulia kwamba mwaka huohuo wa 1890 serikali ilipiga marufuku ibada hiyo na ikapanga siku, kwamba ikifika siku fulani roho zote zinazotunzwa ziwe zimeachiwa. Mi nilipokutana na hilo nilifunga kitabu nikakaa kwanza. Serikali inapanga tarehe ya mwisho ya kulia! Watu wameuawa na bado wanaambiwa msiba wenu unaisha siku fulani.

Huku watoto nao wanapelekwa shule za bweni. Ile ya Carlisle kule Pennsylvania ilifunguliwa 1879 na kundi la kwanza kabisa la watoto lilitoka Rosebud na Pine Ridge, watoto wa Kilakota, wakanyolewa nywele, na kwao nywele unakata ukiwa umefiwa, kwa hiyo fikiria mtoto anawaza nini. Wengine hawakurudi. Julai 2021 mabaki ya watoto tisa wa Rosebud yalirudishwa kutoka Carlisle, zaidi ya miaka 130 baadaye, na waliolianzisha dai hilo walikuwa vijana wa huko Rosebud. Njiani watu walisimama kuwapokea, wakaimbiwa, wakazikwa nyumbani. Sasa niambie, ile safari ni tiba au sio tiba? Mi nasema ni tiba kubwa tu. Na hakuna kliniki duniani ingeweza kuiandikia bili.

Ndio maana mtu niliyetarajia mumtaje ni Maria Yellow Horse Brave Heart, ni Mlakota, kasomea kazi za ustawi wa jamii, na ndiye aliyeleta hii fikra ya majeraha ya kihistoria, yaani maumivu yanayorundikana kizazi baada ya kizazi kwa sababu msiba haukupewa nafasi ya kuisha. Alianza kulisema hilo miaka ya 80, na 1992 akina yeye wakaanzisha mtandao wa Takini. Neno lenyewe linamaanisha aliyenusurika, aliyerudi kwenye uhai. Mwaka huohuo waliwakusanya Walakota wanaofanya kazi za kuhudumia jamii huko Black Hills, milima yao mitakatifu, wakayakabili hayo majeraha kwa historia, kwa kulia pamoja na kwa ibada zao. Wakati huo hospitali nyingi zilikuwa zinamwangalia Mlakota anayekunywa pombe kama mlevi tu basi, na tusijidanganye pombe kule imekuwa janga, pale Whiteclay upande wa Nebraska, kakijiji ka watu wachache sana kando ya mpaka wa Pine Ridge, maduka yalikuwa yanauza mamilioni ya makopo ya bia kwa mwaka mpaka yalipofungwa 2017, huku Pine Ridge kwenyewe pombe ni marufuku. Brave Heart akawa anauliza swali lingine, huyu mtu analia msiba wa nani?

Na hii kazi yake ilitambuliwa kama njia bora ya tiba ya kikabila na chama cha wataalamu wa afya ya akili wa mataifa ya asili. Yaani muhuri wa kwanza waliupiga wao wenyewe. Hilo ndilo linalonifurahisha, na ndilo nilitaka msomaji wenu alijue kabla ya kufika kwenye mambo ya bima.

Kuna pia wale wapanda farasi. Kuanzia 1986 Walakota walianza kila Desemba kupita na farasi njia waliyopita watu wa Big Foot, siku kadhaa kwenye baridi ambayo pumzi inaganda kwenye ndevu, na 1990 ilipotimia miaka 100 walifika Wounded Knee wakafanya ibada ya kufuta machozi, kuufunga ule msiba ambao bibi na babu zao walikatazwa kuufunga. Vijana bado wanapanda mpaka leo. Ukimuuliza mtu wa bima hiyo ni huduma ya aina gani sijui atatafuta kwenye kompyuta ukurasa upi.

Na hapa ndio shida yenyewe ilipo, nisaidieni kuieleza. Chukua inipi, ile nyumba ya mvuke ya kujitakasa. Wanakunja matawi ya mti aina ya mwerebi yanakuwa kama bakuli lililopinduliwa, zamani wanafunika ngozi siku hizi mablanketi na maturubai, mawe yanachomwa kwenye moto nje mpaka yawe mekundu, yanaingizwa ndani katikati, mlango unafungwa giza totoro, maji yanamwagwa, watu wanaimba na kuomba, mlango unafunguliwa na kufungwa tena, kwa kawaida mara nne. Mgonjwa hakai peke yake humo. Kuna anayeongoza na kumwaga maji, kuna kijana aliyelala macho kutunza moto, kuna mashangazi wamepika supu ya kuliwa baadaye, kuna ndugu waliokuja tu kukaa gizani na mwenzao. Ukiingia na ukitoka unasema mitakuye oyasin, ndugu zangu wote, na ndugu hapo ni pamoja na farasi, na maji, na yale mawe. Sasa bima inataka kujua mtoa huduma ni nani. Aliyemwaga maji? Wa moto je? Shangazi wa supu? Bima inalipa kwa kila mara mgonjwa anapohudumiwa, na kule mzee hatangazi bei, unampelekea tumbaku, chakula, blanketi, kile ulichonacho. Ukianza kumlipa mmoja tu kwa risiti umeshawaambia wengine wote kwamba wao ni wapita njia.

Kuna Walakota wanaoogopa hilo kabisa, wanasema hela ikiingia ibada inatoka. Na wapo wanaosema mzee naye anaendesha gari km 150 kwenda kwa mgonjwa, mafuta yanatoka wapi. Wote wana hoja. Mi naegemea upande wa hawa wa pili, ila kwa sharti nitakalolisema.

Msomaji wenu mmoja alishaandika kwamba hizi nyumba za mvuke zinaua watu, alikuwa anakumbuka ile ya Sedona, Arizona, Oktoba 2009. Ni kweli watu watatu walikufa. Lakini mwenye shughuli ile hakuwa Mlakota wala hakutumwa na Mlakota, alikuwa muuza semina za mafanikio, watu zaidi ya 50 kawajaza kwenye hema moja na kila mmoja kalipa zaidi ya dola 9,000, akaja kutiwa hatiani mahakamani 2011. Walakota walikuwa wameshapiga kelele miaka 16 kabla! Juni 1993 kwenye mkutano wao walitangaza vita, neno lao hilo, vita dhidi ya wanaochuuza ibada zao, na 2003 Arvol Looking Horse, mtunzaji wa kiko kitakatifu wa kizazi cha 19, akatoa tamko kuzuia watu wa nje kwenye ibada zao takatifu zaidi. Kwa hiyo anayesema serikali iingie kulinda watu dhidi ya waganga feki ajue jamii yenyewe ndio imekuwa mlinzi, na aliyekuwa amelala ni mwingine.

Sheria nazo zinachekesha kidogo. 1978 rais Carter alisaini sheria ya uhuru wa dini za wenyeji wa asili, sawa, angalau. Alafu ile sheria kuu ya kuboresha afya ya wenyeji, iliyofanywa ya kudumu 2010, inasema waziri anaweza kuhimiza tiba za jadi ila Marekani haitawajibika mtu akiumia au kufa kutokana nazo. Nakuhimiza lakini sikujui. Mnaita hiyo kutambua?

Ndio maana ule mpango wa Oktoba 2024, pamoja na kasoro zake, mi naupa heshima kwa jambo moja, kwamba sio serikali kuu inayoamua nani anafaa kutibu, ni kituo cha afya chenyewe, kiwe cha IHS yaani ile idara ya afya ya wenyeji, kiwe cha kabila, au cha mashirika ya wenyeji wa mijini. Hapo pazuri. Ila kituo sio kijiji. Kituo kinachoendeshwa na kabila lenyewe, na sheria ya 1975 imewapa nafasi hiyo, kitamjua mzee ni nani kwa sababu bibi wa mapokezi alizikiwa mama yake na mzee huyohuyo. Lakini kituo ambacho meneja wake kahamishiwa juzi kutoka mbali kitataka cheti, na hicho cheti kitachapishwa na nani? Sharti langu ndio hilo, kabila liseme huyu ni wetu na iishie hapo, fomu isiulize aliimba nini wala aliona nini kwenye maono. Mengine hayaandikwi.

Kuhusu South Dakota, mpango kama huu lazima jimbo lenyewe liombe, makabila hayawezi kuomba peke yao, na uhusiano wa serikali ya jimbo pale Pierre na makabila sio wa kuombana chumvi. Lakini gharama isiwe kisingizio, manake Medicaid inapolipia huduma za wenyeji kupitia vituo vya IHS na vya makabila serikali kuu inabeba asilimia 100, jimbo halitoi kitu. Na wapiga kura wa South Dakota wenyewe walishapiga kura 2022 kuipanua Medicaid, ikaanza Julai 2023, na miongoni mwa walioingia kwenye bima wamo haohao wa kipato kidogo kwenye ardhi za makabila na mjini Rapid City. Kadi ya bima mtu anayo mfukoni, tiba ya babu yake ndio haimo.

Na kabla hamjaniletea barua za kunijibu, hapana, hakuna anayesema mtu mwenye kisukari au kifua kikuu aache dawa akakae kwenye mvuke. Walakota wanaijua hospitali kuliko tunavyodhani. Pale Rapid City kuna eneo lilikuwa shule ya bweni ya kunyang'anya watoto lugha, kuanzia 1898, baadaye likageuzwa sanatoriamu ya kifua kikuu, alafu hospitali ya serikali, na kuanzia 2019 huduma zake zilianza kushikwa na bodi ya afya ya makabila yenyewe na sasa inaitwa Oyate, yaani watu, taifa. Ardhi ileile. Wanataka daktari na wanataka mzee, wote wawili kwenye korido moja, na mgonjwa asilazimike kumficha mmoja akiulizwa na mwingine.

Naomba basi mhariri mkichapisha marekebisho msiyafiche kule kwenye kona chini ya matangazo ya minada. Semeni majimbo ni manne na South Dakota haimo. Toeni "hifadhi". Na ile picha ya mzee wa manyoya, kama bado ipo kwenye kompyuta zenu, ifutieni maandishi yale ya chini na muandike jina la kabila lake tu, yakija mabadiliko kule Pierre ndio muitumie.

Ni mimi msomaji wenu,
mpenda historia